Mawe ya Ukara: shajara ya kufungua njia za kukwea, Juni hadi Desemba 2024

Tuko watatu, sote wakazi wa Mwanza, na kinachotukutanisha ni kukwea mawe bila kamba. Jiwe huwa la mita tatu au nne, likizidi sana tano. Chini unatandika godoro, na wenzako wanasimama nyuma yako mikono juu ili ukiteleza wakuelekeze kwenye godoro usitue kwa kichwa kwenye mwamba. Mchezo huu tunauita bolda.

Mjini mawe yapo tele, si bure Mwanza ikaitwa Jiji la Miamba. Shida ni kwamba nyumba zimepanda nayo hadi juu, na kila ukikwea unajikuta unachungulia ua wa mtu. Ndipo tukageukia visiwa, tukaishia Ukara, kisiwa kidogo cha wilaya ya Ukerewe, ng'ambo ya Bugolora. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwingine atakayetaka kufanya kazi hii kwao, iwe Majita, Musoma au visiwa vya Kagera, aanzie pale tulipofikia. Ghuba yenyewe sitaitaja kwa jina hadi wenyeji waniambie sawa. Itoshe kujua iko kaskazini mwa kisiwa, upande unaopigwa na upepo wa ziwa.

8 Juni 2024: safari ya kwanza, hatukukwea kitu

Njia ni hii: meli hadi Nansio, bodaboda hadi Bugolora, kivuko hadi Bwisya, kisha bodaboda tena mpaka barabara inapoishia kwenye mashamba ya mihogo. Kutoka hapo ni miguu. Gharama kwa watu watatu kwenda na kurudi, pamoja na chakula, ilikuwa shilingi 195,000.

Mawe ni matale, yaani graniti ileile ya Mwanza, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ngozi yake inakwaruza kama msasa na imejaa chembe kubwa ambazo kidole kinazipata hata pasipoonekana kishikio. Yamelundikana ufukweni makubwa kwa madogo, mengine yameegemeana, mengine yamekaa juu ya wenzake kwa ncha moja. Tulipofika kileleni na kuona ghuba nzima, mwenzangu mmoja alikaa chini akanyamaza kabisa.

Kosa letu lilikuja nusu saa baadaye. Tulichagua jiwe lenye uso mzuri, tukatoa burashi za waya, tukaanza kusugua ukungu mkavu uliogandamana juu yake. Vumbi likapeperuka na upepo. Hatukuwa tumeona kwamba mwamba bapa ulio nyuma yake, ule tuliodhani unang'aa kwa maji, ulikuwa umeanikwa dagaa. Walikuwa wamepangwa safu kwa safu, wembamba kama sindano, na mama mmoja alikuwa akiwageuza taratibu kwa ufagio wa vijiti. Alikuja kwetu bila kupaza sauti. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wanangu, hili jiwe ndiyo sahani yangu."

Alitueleza kwamba dagaa wa mchangani bei yake ni ya chini kwa sababu mnunuzi anatafuna mchanga, wa mwambani ni safi, na siku hiyo sisi tulikuwa tumeutia mwamba wake mchanga. Tuliomba radhi, tukamsaidia kuwapepeta na kuwaanika upya upande wa pili. Kazi hiyo ilitumaliza alasiri yote. Lakini katika kufanya hivyo ndipo alipotupa jambo ambalo limepanga kalenda ya mradi mzima. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta usiku wa giza tu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, mitumbwi hupandishwa mwaloni, na miamba hubaki mitupu. Sisi tulikuja siku mbili baada ya mwezi mwandamo, yaani katikati ya giza, wakati kila jiwe bapa lina kazi.

Tangu siku hiyo tunakuja mbalamwezi tu.

Kosa la pili la siku hiyo ni burashi yenyewe. Waya ulikwangua chembe za juu za jiwe na kuacha michirizi laini inayong'aa. Sehemu ile haishiki tena kiatu wala kidole, na jiwe haliponi. Burashi za waya nilizitupa. Tunatumia za nailoni, za kufulia nguo na za meno, pamoja na maji kidogo na uvumilivu. Shilingi 18,000 kwa seti nzima.

22 Juni: ruhusa, njia tatu, na kifundo cha mguu

Safari hii tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda naye kwa mtendaji wa kijiji, tukatoa barua tuliyoandika mjini. Waliuliza swali moja: mnachukua nini? Tulipojibu kwamba hatuchukui jiwe wala hatutoboi, mtendaji alitutazama, akauliza tena kwa maneno mengine. Ni swali la haki. Ukara kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na kila mti pia, na watu wake wamelima kisiwa hiki kwa samadi na jasho kwa vizazi vingi. Mgeni anayekuja kuangalia mawe kwa bidii hivyo lazima aulizwe.

Wakatupa mzee wa ukoo wenye eneo lile atuzungushe. Hilo ndilo jambo ningemshauri mtu yeyote alifanye kabla ya kugusa chochote. Jiwe linalocheza la Nyaburebeka linajulikana hadi nje ya kisiwa, hakuna atakayelikosea. Hatari iko kwenye yale yasiyo na jina kwa mgeni. Mzee alitusimamisha kwenye rundo moja lenye mkuyu katikati na kusema hapa ni pa matambiko, msipite hata chini yake. Penginepo alipanyooshea mkono tu bila kueleza, nasi hatukuuliza. Yote mawili nimeyazungushia duara jekundu kwenye ramani yangu ya mkono. Katika duara la pili kulikuwa na ukuta ambao tangu siku ya kwanza niliuona kuwa bora kuliko yote pwani ile. Nimeuacha.

Mchana tulifungua njia tatu rahisi kwenye jiwe la mwisho kabla ya maji. Ugumu tunaupima kwa kipimo cha V, kilichoanzia Hueco Tanks kule Texas: V0 mtu mwenye mazoezi kidogo anapita, na namba inapanda kadiri njia inavyokataa. Hizi zilikuwa V0 mbili na V1.

Ya nne ndiyo ilituumiza. Mwenzangu alikuwa karibu na kilele, kama mita tatu na nusu, mkono ukateleza. Alitua katikati ya godoro, wima, vizuri kabisa, na kisigino chake kikazama hadi chini kikakutana na ukingo wa jiwe. Kifundo kiliteguka. Tulimbeba kwa zamu hadi barabarani, bodaboda ikatufikisha Bwisya, akafungwa bandeji na kupewa dawa. Shilingi 22,000. Mtumbwi wa kutuzungusha pwani siku ile uliongeza 40,000, na tangu hapo kila safari inasimama kwenye 235,000.

Jambo moja dogo la siku hiyo: chaki ya ubaoni haifai. Ni jasi, ikichanganyika na jasho inakuwa uji unaoteleza. Inayotakiwa ni ile ya wacheza sarakasi na wanyanyua vyuma, ya kabonati ya magnesi.

7 Julai: godoro

Sabasaba nzima tuliimalizia kwenye godoro, na hapa naeleza kwa kirefu kwa sababu mtu akikosea jingine lolote atarudi nyumbani na hadithi, ila akikosea hili atarudi amebebwa.

Godoro letu la kwanza lilikuwa sponji laini ya inchi sita ndani ya jalada la turubai, shilingi 140,000 na ushonaji. Ukilikalia unaona raha. Hilo ndilo lililotudanganya. Mtu aliyelala anagawa uzito wake kwenye eneo kubwa, anayeanguka analeta uzito wote kwenye kisigino kimoja, na sponji laini inapobonyezwa sehemu ndogo hivyo haina la kufanya ila kufunguka njia hadi chini.

Dawa yake ni tabaka gumu juu. Tulinunua mikeka ya mazoezi, ile isiyonyonya maji, tukabebanisha mitatu. Kisigino kikitua, mkeka hauzami, unausambaza mkandamizo kwenye sponji yote iliyo chini yake. Chini ya mikeka tukaweka sponji ya wastani ya inchi nne, si ile laini, na chini kabisa mkeka mmoja tena ili ncha za mawe zisichome sponji kutoka upande wa ardhi. Ukibonyeza kwa kidole gumba linaonekana gumu mno. Ruka kutoka mezani ndipo utaelewa.

Jaribio la kwanza tuliunganisha matabaka kwa gundi ya mafundi viatu. Ilikauka ikawa ngumu kama kigae pale tulipomwaga nyingi, na mkunjo wa kwanza tu ukaipasua. Tukabandua yote. Sasa hakuna gundi: fundi turubai alishona jalada la kubana, matabaka yanashikana yenyewe.

Kosa jingine lilikuwa kulikata godoro vipande viwili ili likunjike kama kitabu. Pale kwenye mkunjo panabaki ufa, na mguu ukitua kwenye ufa unapinda. La sasa ni kipande kimoja, linakunjwa kama chapati na kufungwa kwa mikanda ya begi. Linabebeka vibaya zaidi, ndiyo, na mgongo unalalamika. Nabaki nalo.

Godoro la zamani lilirekebishwa na jipya likatengenezwa, yote mawili kwa shilingi 210,000. Makoti ya kuokolea majini matatu, 105,000.

20 Julai: mawe yanayolia

Mtumbwini wimbi liliingia na sponji moja ikanyonya ziwa. Iliongezeka uzito hadi watu wawili wakashindwa kuinyanyua kwa raha, na haikukauka siku mbili. Sasa sponji inafungwa kwenye nailoni nzito ndani ya jalada, na chini pana tundu dogo la kupumulia. Ukilisahau tundu hilo hewa inabaki ndani, na godoro linakurusha pembeni kama mpira.

Somo kubwa la safari hii ni la sikio. Matale hayaozi kutoka ndani, yanamenyuka kutoka nje kama kitunguu. Jua la mchana, baridi ya usiku, mvua, miaka na miaka, hadi ganda la juu linaachana na jiwe huku bado limekaa mahali pake. Kwa macho huoni kitu. Nilikuwa nimeshika ganda la namna hiyo, pana kama sinia, nikiwa bado sijanyanyua miguu, nikahisi limepumua. Nilishuka. Tuliligonga kwa konzi: sehemu ya kushoto iliyo imara ilitoa mlio mkavu, mfupi, kama kugonga ukuta. Ganda likatoa mlio mnene unaokaa hewani, kama mtungi mtupu.

Watoto waliokuwa wakitutazama wakacheka na kutupeleka kwenye jiwe jingine, wakaligonga kwa kokoto na likalia kama kengele. Kule Moru, Serengeti, lipo jiwe la aina hiyo lenye vishimo vilivyochimbwa na wagongaji wa zamani, kwa hiyo hili la kulisikiliza jiwe si letu sisi. Sasa kila njia mpya inaanza kwa kugonga, kishikio kwa kishikio, kuanzia chini hadi juu, kisha mmoja anazunguka nyuma na kugonga kilele. Kinacholia kinawekewa alama ya mkaa na hakishikwi. Njia mbili tulizokuwa tumeziandika zimefutwa kwa sababu hii.

Zilizobaki ni nne, mojawapo V3 kwenye ukuta unaoinamia nje, ambao tumeuita Bega la Mama kwa heshima ya mama wa dagaa. Aliuona akapiga makofi. Juu ya kila jiwe wamejaa mijusi wenye kichwa chekundu na mgongo wa bluu. Kisayansi anaitwa Agama mwanzae, jina lililotoka Mwanza, na nafurahi kila nikimwona akitupita bila kutumia chaki.

17 Agosti: kokoto

Tulifika tukiwa na hamu ya jiwe moja tuliloliacha Julai kwa sababu ya giza kuingia. Lina tumbo pana na ufa unaopanda kulia, labda V5, njia ngumu kuliko zote tulizopata. Nusu yake haikuwepo. Iliyobaki ilikuwa nyeusi kwa moshi, na chini yake majivu na nyaya za matairi. Wachonga kokoto wanawasha moto juu ya mwamba, jiwe linapata joto hadi linapasuka lenyewe, kisha linamaliziwa kwa nyundo.

Pembeni alikuwa amekaa dada mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa na pete iliyokatwa kwenye mpira wa tairi, ndani yake anaweka jiwe dogo ili lisiruke akilipiga, mkono wa kushoto unashika pete, wa kulia nyundo. Alipiga mara nne tukiwa tunasalimiana. Analipwa kwa ndoo.

Nilisikia uchungu na bado ninao. Jiwe lile lilichukua muda usiohesabika kufika pale. Lakini sikuweza kusimama mbele ya mtu anayelisha mtoto kwa nyundo nikamwambia kwamba jiwe lake nalitaka kwa ajili ya kulikwea Jumamosi. Tulikwenda kwa mwenyekiti. Kikao kilifanyika chini ya mwembe, watu kumi na wanane hivi, soda zikatugharimu 24,000. Hatukuomba uchongaji ukome. Tuliomba mawe sita tu, tuliyoyataja moja moja na kuyaonyesha, yasiguswe, na kokoto zitoke upande wa machimbo ya zamani ambako tayari pamevunjwa. Mwenye shamba tunalolipita alitaka 10,000 kila safari kwa mihogo tunayoikanyaga. Haki yake, na imeingia kwenye hesabu kuanzia Septemba. Yule dada naye aliuliza swali lililotunyamazisha: je, mkija mtalala wapi na mtakula kwa nani? Tangu hapo tunalala kwa mwenyekiti na chakula kinapikwa na yeye dada, kwa bei aliyoipanga mwenyewe.

21 Septemba: ziwa linashuka

Tulivuka Ijumaa tarehe 20, siku ya kumbukumbu. Tarehe kama hiyo mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Bwisya na watu zaidi ya 220 wakafa. Kivukoni watu waliongea kidogo. Makoti ya kuokolea tunayavaa tangu mguu wa kwanza mtumbwini, hata ziwa likiwa kimya kama kioo, na mwenye mtumbwi ambaye zamani alitushangaa sasa naye anavaa.

Mwaka 2020 ziwa lilivunja rekodi ya 1964, na Mei mwaka huu lilikuwa juu tena. Juni mawe matatu ya mbele yalikuwa na miguu majini, tukayaandika kuwa hayafai. Sasa maji yameshuka kama shibiri mbili na chini yake umetokea mchanga wa kutandika godoro. Yaani ramani yetu ilikuwa ramani ya mwezi mmoja tu. Kwa kila jiwe la mbele sasa naandika tarehe na maji yalipofika kwa kipimo cha mkono kutoka kwenye kishikio cha kwanza.

Hakuna kusimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ukimkinga mwenzako. Kichocho kipo, na dakika chache zinatosha. Tumenunua mabuti ya mpira kwa pesa zetu binafsi, na sote watatu tumemeza prazikwanteli baada ya kupimwa.

14 Desemba: uongozi mpya

Uchaguzi wa vitongoji na vijiji ulifanyika 27 Novemba. Mwenyekiti tuliyeketi naye chini ya mwembe hayupo tena madarakani. Nilikuwa na wasiwasi njia nzima, maana makubaliano ya mdomo huondoka na aliyeyasema. Kilichotuokoa ni kwamba mwezi Agosti mtendaji aliandika muhtasari wa kikao, akaupiga muhuri na kutupa nakala. Mwenyekiti mpya aliusoma wote, aya kwa aya, akauliza kuhusu mawe sita, akataka aonyeshwe. Tulimpeleka. Kwenye la nne aliomba viatu vyangu, vikambana, akakwea peku hadi juu bila kusita hata mara moja. Ile tuliiandika V1. Tumeirudisha V0.

Mvua za vuli zilitupiga asubuhi, lakini jua na upepo wa ziwa vilikausha mawe ndani ya saa moja. Mifereji ya kilele, ambako pimbi na mnandi wameacha kinyesi, ilibaki inateleza hadi mchana. Tulipumzika.

Hesabu hadi leo, safari sita: usafiri, mtumbwi na chakula 1,370,000, fidia ya mihogo 20,000, magodoro 350,000, makoti 105,000, burashi 18,000, matibabu 22,000, kikao 24,000. Jumla 1,909,000, tumegawana watatu. Njia zilizopo ni kumi na moja kwenye mawe sita, kuanzia V0 hadi V4. Lile la tumbo pana limebaki nusu, na ufa wake unaishia hewani. Niliupima tena jioni: vishikio vitatu vya chini bado vipo, na vyote vinatoa mlio mkavu.

Mbalamwezi ijayo ni tarehe 13 Januari. Mama wa dagaa ameagiza tumletee ufagio wa vijiti virefu kutoka sokoni Mwanza, wa kwake umeisha.